Kaburi la Mkwawa haliko Kalenga

Wanaotaka kutembea kwa miguu katika nchi ya Wahehe wengi huishia Kalenga, wakidhani Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, amezikwa pale. Sivyo. Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, ilikuwa ngome yake. Wajerumani waliiteka Oktoba 1894. Kilichomo kwenye makumbusho ya hapo ni fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwili uko Mlambalasi, alikojipiga risasi Julai 1898 asishikwe mzima: kaburi liko jirani na miamba mikubwa, kilomita 50 hivi kutoka Iringa mjini, upande wa barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Ukienda kwa miguu beba maji, jua la huko halina masihara. Lugalo, Mkwawa alikomshinda Zelewski, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1891, iko upande mwingine kabisa, njia ya Morogoro.