Boti kubwa za matanga: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Huku Moshi bahari tunaiona kwenye simu, mpaka upande basi la Tanga ndiyo uinuse, kwa hiyo ikipita video ya wale wanaozunguka dunia na boti ya tanga ya mita 15 kijiwe kizima kinakuwa na wataalamu. Mimi nimezihudumia hizi boti pwani, na mengi yanayosemwa siyo kabisa, tena mengine yanaweza kumgharimu kijana wa hapa akija kupata kazi humo, ndiyo maana naandika.

Kubwa kuliko yote ni hili la kwamba ikilala ubavu basi inataka kupinduka. Hapana jamani. Boti ya bodi moja, yaani yenye mwili mmoja tu majini, imetengenezwa ilale. Chini ya maji kuna mkuku umeshuka mita 2 hivi, wa chuma au wa risasi, na uzito wake mara nyingi ni kama theluthi ya boti nzima, yaani boti ya tani 15 inaweza kuwa na tani 5 kule chini peke yake. Kadiri inavyolala ndivyo ule uzito unavyoivuta kusimama, na tanga nalo likishalala upepo unaanza kulipita juu, nguvu inapungua. Ngalawa inasimama kwa mirengu, yale magogo ya pembeni, jahazi kwa farumi (mzigo wa uzito uliowekwa chini) na shehena, hii nguvu yake ya kusimama iko kwenye mkuku.

Cha kuogopa ni mkuku wenyewe kuachia. Mei 2014 boti ya Waingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki ilikuwa inarudi nyumbani kutoka Antigua, katikati ya Atlantiki mkuku ukang'oka, boti ikapinduka, na mabaharia wote 4 hawakupatikana mpaka leo. Roho inaniuma kila nikiikumbuka. Kwa hiyo boti ikigusa mwamba, hata kama ni kidogo na rangi ya nje iko vizuri, inua mbao za sakafu ushuke na tochi mpaka kwenye zile nati kubwa zinazoshika mkuku, angalia kama kuna ufa mwembamba kama unywele kwenye faibaglasi, kutu inayochuruzika, au unyevunyevu usioeleweka. Ukiona kimojawapo mwambie nahodha hapo hapo, akipuuza na kukuambia uachane nayo, usisafiri na boti hiyo.

Katamarani sasa, ile ya bodi mbili, watu wanasema ndiyo salama kwa sababu hailali. Ni kweli hailali, unapika vizuri, inaingia hata penye kina kifupi. Ila haina mkuku mzito, ikishapinduka baharini inabaki chali, haijirudishi. Nahodha wake inabidi apunguze tanga mapema kwa kuangalia kipima upepo, maana boti yenyewe haimwonyi kwa kulala kama ya bodi moja.

Eti upepo lazima utoke nyuma. Mbona mababu wa pwani wanabisha na jahazi, yaani wanapanda upepo kwa kwenda kombo kombo, miaka na miaka? Hakuna boti inayokwenda moja kwa moja kwenye upepo, lakini hizi za kisasa zinakwenda pembe ya kama digrii 45 kutoka upepo unakotokea, halafu zinageuka upande wa pili, hivyo hivyo mpaka zifike. Tanga linafanya kazi kama bawa la ndege na mkuku unazuia boti isiburuzwe pembeni.

Wanaosema hazina injini, zinazo, za dizeli, hilo lisitupotezee muda. Wala hazihitaji watu kumi, matanga yanajikunja kwa swichi, kuna usukani wa kujiendesha, wawili wanatosha. Kiwanda cha Amel kule La Rochelle, Ufaransa, kimejijengea jina kwa boti za mtu na mkewe tu. Na kasi msitegemee, boti nzito yenye urefu wa mita 12 pale inapokata maji inafika kama noti (kipimo cha kasi baharini) 8 na kidogo, sawa na kilomita 15 kwa saa, ingekuwa barabarani Moshi mpaka Arusha ni saa 5 nzima.

Nanga hapa ndipo vijana wanaharibu. Wanadhani inashika kwa uzito, wanaiachia mpaka iguse chini, basi. Nanga inashika kwa kuchimba mchanga, na haichimbi kama mnyororo unaivuta kwenda juu, lazima mnyororo ulale chini kwanza. Kawaida urefu wa mnyororo ni mara 5 ya kina, na kina ni cha maji yakijaa, ukijumlisha na urefu wa omo (mbele ya boti) kutoka majini. Chukua Tanga wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, umefika maji yamekupwa unapima mita 4, yatapanda kama mita 3 zaidi, na omo iko mita 1 na nusu juu ya maji, jumla 8 na nusu, kwa hiyo unaachia mita 42 hivi. Aliyepiga hesabu ya mita 4 akaachia 20 ataamka usiku yuko juu ya mwamba.

La mwisho ni gesi ya kupikia. Nyumbani mtungi tunaweka jikoni, sasa mtu anafika kwenye boti anashangaa kwa nini umefichwa nje kwenye kisanduku chake chenye tundu chini la kutolea gesi nje baharini, anaona usumbufu, anauhamishia ndani. Usithubutu! Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani inashuka mpaka ngamani, yaani chini kabisa ya boti, na boti haina mlango wa chini wa kuitoa, inakaa pale inasubiri cheche ya pampu au ya injini ikiwashwa. Ukimaliza kupika funga valvu kwenye mtungi kwanza, acha moto wa jiko ufe wenyewe kwa gesi iliyobaki kwenye mpira, ndiyo ufunge jiko.