GPS ya mkononi haili bando

Tanga utawasikia wasakaji wa vikasha vya jiokeshi, mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa kufuata namba za mahali vilipo, wakisema: GPS ya mkononi imegoma, hapa hakuna mtandao. Dhana hiyo imetoka kwenye simu, ambayo huhitaji bando kuvuta ramani. Kifaa hiki hakihitaji. Kinapokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, na kikizinasa 4 kinajua kilipo.

Kinachokizuia ni kufunikwa. Ndani ya mapango ya Amboni, chini ya mwamba wa chokaa, hata uwe na bando la mwezi huambulii kitu. Toka nje, simama penye uwazi, tulia. Kikikaa miezi kimezimwa, kupokea upya ratiba ya setilaiti huweza kuchukua dakika 12 na nusu, na hapo ndipo wengi huanza kukipigapiga, maskini.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni la namba. Kikasha kimeandikwa S 5° 04.400', yaani digrii na dakika. Kifaa kimewekwa digrii za desimali, mtu anaingiza 5.04400. Mshale unaelekeza vizuri tu, kumbe unakupeleka zaidi ya kilomita 3 kaskazini ya kikasha. Badilisha mpangilio wa namba kwanza.