Zebaki, moshi na kinga ya mtoto: maswali ya wazazi wa Mwanza

Kwa nini kemikali imdhuru mtoto kuliko mimi?

Kinga yake ndiyo kwanza inajengwa. Kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, seli za kinga hufunzwa kuutambua mwili wa mtoto na kutoushambulia, tangu akiwa tumboni. Mafunzo yakivurugwa, athari inaweza kudumu. Isitoshe, huvuta hewa nyingi kuliko wewe kwa kila kilo ya uzito, na hutambaa palepale vumbi linapotua.

Kuna ushahidi?

Upo. Utafiti wa visiwa vya Faroe, uliochapishwa 2012, uliangalia PFAS, kemikali za vyombo visivyoshika chakula na vitambaa visivyopenya maji. Watoto wa miaka 5 waliokuwa nazo maradufu kwenye damu walionekana, wakifika miaka 7, kuwa na kingamwili za chanjo ya pepopunda na dondakoo pungufu kwa karibu nusu. Asiseme mtu kwamba basi chanjo haina maana! Mpeleke kliniki wiki ya 6, 10 na 14 bila kuruka.

Mume wangu ni mchimbaji Misungwi, huchomea nyumbani dhahabu iliyoshikamana na zebaki. Nikifungua dirisha inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma. Ukipoa hunasa ukutani, kwenye mapazia na magodoro, kisha huendelea kufuka polepole hata jiko likiwa limezimwa siku nyingi. Achomee mbali na makazi, kwa ritoti: chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke. Nguo za kazi zibaki hukohuko. Sufuria iliyochomewa isirudi jikoni, hata ukiisugua kwa mchanga.

Zebaki ikimwagika, toa watoto nje, fungua madirisha, na usifagie: ufagio huipasua kuwa vitone vidogo vinavyotoa mvuke zaidi. Isukume kwa vipande viwili vya karatasi ngumu hadi kwenye chupa yenye maji, ufunge kifuniko.

Niache kunyonyesha, au kula samaki?

Usiache. Maziwa yako yana kingamwili ambazo mtoto bado hajaweza kujitengenezea vya kutosha. Kula dagaa bila wasiwasi. Zebaki hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama sangara mzee.

Na moshi wa kubanika samaki?

Usiingie naye bandani akiwa mgongoni. Moshi hudhoofisha seli za mapafu zinazomeza vijidudu, na nimonia hupata njia. Akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea ndani, mwahishe kituo cha afya siku hiyohiyo.