Barua ya daktari haimlipii mnyama nauli ya ndege Marekani
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba ukiwa na barua ya daktari, au cheti cha kununua mtandaoni, ndege za Marekani lazima zimbebe bure mnyama wako wa kukuliwaza. Si kweli tena. Tangu Januari 2021, kanuni za huko zinayalazimisha mashirika kumpokea mbwa wa huduma tu, yaani aliyefunzwa kazi mahususi ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu, ukiwemo wa afya ya akili. Mkanganyiko unaeleweka: zamani barua hiyo ilikubalika, na wauza vyeti bado wapo, ingawa serikali haina sajili ya wanyama hao. Tafadhali usiusambaze, unaweza kumkwamisha mgonjwa uwanjani. Kabla ya kukata tiketi, soma masharti ya wanyama kwenye tovuti ya shirika lenyewe.