"Bahari haina mwenyewe" na mengine tunayoyaamini kuhusu mali ya pamoja

Juzi jioni Kinondoni nilisimama kwenye kibanda cha supu ya pweza. Mteja aliyenitangulia akainua kipande, mnyiri umekonda kama kidole cha mtoto, akauliza: "Kaka, pweza wakubwa wamekwenda wapi?" Muuzaji akajibu huku anakamua ndimu: "Wanachukuliwa wangali wachanga, bosi. Ukimwacha wewe, mwenzio anambeba. Bahari haina mwenyewe."

Kauli hiyo naisikia tangu utotoni, ikisemwa kuhusu mikoko ya Mbweni, kuni za msitu wa Pugu, maji ya Msimbazi. Inaniuma kwa sababu nusu yake ni kweli.

Dhana: Cha wote hakina mwenyewe, kwa hiyo lazima kiishe

Ukweli: cha wote ni kimoja, na kisicho na mwenyewe ni kingine. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, aliandika katika jarida la Science kwamba malisho yaliyo wazi kwa kila mtu lazima yaharibike, maana kila mfugaji anapata faida ya kuongeza ng'ombe mmoja huku hasara ikigawanywa kwa wote. Hoja yake ilienea dunia nzima. Mwaka 1994 yeye mwenyewe aliirekebisha: msiba huo ni wa mali ya pamoja isiyosimamiwa.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliwatazama watu wenyewe. Akitumia utafiti wa Robert Netting katika kijiji cha Törbel, Uswisi, alionyesha kanuni iliyoandikwa 1517: asiwepo mtu wa kupeleka malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Lakini hatuhitaji kufika Uswisi. Wapare wana ndiva, mabwawa yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, na siku ya kuzibua mifereji watu huitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Wachaga wana mifongo, mifereji yao ya kumwagilia, Kilimanjaro. Maji hayo ni ya wengi, na kila mmoja anajua zamu yake ni lini.

Turudi kwa pweza. Huishi zaidi kidogo ya mwaka mmoja tu, na hukua haraka mno. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukipumzishwa hata miezi michache tu, tofauti inaonekana. Mwaka 2004 wavuvi wa jamii ya Vezo wa Andavadoaka, Madagaska, walikubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi kadhaa, na ulipofunguliwa wakavuna pweza wakubwa, vijiji jirani vikaiga. Kisiwa Panza, Pemba, nako wamefunga miamba yao. Bahari ni ileile na pweza ni yuleyule anayeingia sufuriani Kinondoni, ila kule watu wamekaa chini wakapanga.

Dhana: Hayo yanawezekana kijijini kwenye undugu, si Dar ambako hatujuani

Hili linanishangaza zaidi, kwa kuwa wanaolisema wengi wao wako kwenye kikoba. Wanacheza upatu na watu wa makabila kumi, wanachangia chama cha kufa na kuzikana na jirani waliyemjua alipohamia mtaani. Kinachowashika pamoja ni daftari, faini ya kuchelewa, na sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake zimekaa kwa watu watatu. Kuaminiana kunakuja baadaye, mizunguko miwili mitatu ikishapita salama.

Bonde moja la mchicha na matembele nililolima zamani, pampu yetu ya pamoja ilikufa ndani ya msimu mmoja. Hakuna aliyeiba. Ila hatukuandika nani ananunua mafuta na mtegeaji anafanywa nini. Mama mmoja alimwagilia wiki tatu kwa mafuta yake, akachoka, akarudia keni na ndoo. Sikumlaumu wakati ule, wala leo.

Dhana: Ushirika ni mambo ya Ujamaa, ulishashindwa

Tarehe zinakataa. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaandikishwa 1933, miaka 34 kabla ya Azimio la Arusha. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Wizi wa viongozi ulikuwepo, siufichi. Lakini kusema wakulima walishindwa kushirikiana ni kuwasingizia.

Dhana: Serikali ilete doria, yataisha

Pwani ya Tanzania Bara ina zaidi ya kilomita 800, na hakuna boti za doria za kuizunguka yote. Kwa uvuvi wa baruti, kweli, mvuvi wa ngalawa hawezi kupambana peke yake, na milipuko ilipungua baada ya vyombo vya dola kuungana kuikabili mwaka 2015. Lakini nani atajua nyavu haramu zimeshushwa saa kumi alfajiri, kama si mtu wa mwalo uleule? Ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeruhusu BMU, vikundi vya wananchi vya kusimamia mwalo na uvuvi pamoja na serikali.

Swali langu ni nani anakaa kwenye vikao hivyo. Wanaume wa boti utawakuta. Mama anayetembea mwambani maji ya bamvua na kijiti chake akichokoa pweza, mara nyingi haitwi hata mvuvi. Kamati ikipanga kufunga mwamba kwa miezi mitatu bila kumwita, yeye ndiye atakayelala njaa wa kwanza, na yeye ndiye anayejua kila tundu la mwamba ule.