Mgonjwa wa Kilindi na utafiti wa dawa za saratani

Nikizungumza na wenzangu wa mijini kuhusu majaribio ya dawa za saratani, huambiwa kwamba watu wa vijijini wataogopa, watasema wanageuzwa panya wa maabara. Mimi ni muuguzi wa utafiti hapa Tanga, na sababu hiyo ya kuwaacha nje siikubali. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vituo viwili vilikuwa vya kwetu: Korogwe na Bagamoyo. Watoto wale walitoka vijijini, na mama zao waliwaleta kliniki mwaka baada ya mwaka, masika na kiangazi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo, na mchango wa mama hao umo ndani yake.

Kwa hiyo utayari wa watu tumeshauona. Kinachomfungia nje mgonjwa wa saratani wa kijijini ni jinsi utafiti wenyewe unavyopangwa.

Tuelewane kwanza kuhusu jaribio lenyewe. Wagonjwa wa saratani ya aina moja hugawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja hupata tiba ya kawaida, jingine hupata tiba mpya, au ile ya kawaida ikiongezewa dawa mpya. Pale ambapo tiba inayofaa ipo, ni nadra mgonjwa wa saratani kuachwa na kidonge kitupu. Hapa nchini, kabla mtu wa kwanza hajaandikishwa, utafiti hupitiwa na kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo lazima itoe kibali cha jaribio la dawa.

Ugumu uko kwenye ratiba. Kutoka Tanga mjini hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 300, na mtu wa Kilindi au wa milimani Lushoto ana safari nyingine kabla hajaifikia barabara kuu. Dawa nyingi za kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, hutolewa kila baada ya siku 21, na kabla ya kila dripu damu hupimwa. Itifaki nyingi, yaani mipango rasmi ya utafiti, hutaka neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zisipungue 1,500 kwa mikrolita. Mgonjwa anafika, anapimwa, anaambiwa damu imeshuka, arudi wiki ijayo. Nauli imekwenda, shamba limeachwa kwa jirani, na dawa hakupata. Likimtokea hilo tena, haonekani, na rejista huandika kwamba amejitoa kwa hiari. Hiari gani hiyo?

Kipimo hicho hakihitaji Dar es Salaam. Mashine ya kuhesabu chembe za damu ni kitu cha kawaida katika hospitali ya wilaya. Kinachotakiwa ni maabara inayodhibiti ubora wake, ikiwezekana yenye cheti cha ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, na majibu yatumwe siku hiyohiyo kwa timu ya utafiti. Mgonjwa apimwe karibu na kwake, apande basi akijua dripu inamsubiri.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni homa. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kemo ndipo neutrofili hushuka sana, wakati mwingine chini ya 500. Homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura: mgonjwa anahitaji antibayotiki ya sindano ndani ya saa moja, maana bakteria wanaweza kumuua kabla ya kesho. Sasa mfikirie yupo kijijini Handeni, homa imempanda saa mbili usiku. Bodaboda inampeleka zahanati, anapimwa malaria. Kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo atapewa dawa ya mseto na kurudishwa nyumbani. Kikionyesha hana, atapewa panadol. Mhudumu hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba huyu yupo kwenye kemo.

Dawa yake ni kadi. Mgonjwa abebe kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili: niko kwenye utafiti, nimechomwa dawa fulani tarehe fulani, nikiwa na homa nipe antibayotiki hii kwanza, kisha piga namba hii. Sindano ya kwanza iwe imeshawekwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, na wahudumu wafundishwe kabla utafiti haujaanza. Korogwe tulishalifanya la namna hii: mtoto wa utafiti akiletwa na homa, alipimwa, akatibiwa, na taarifa ikaandikwa. Ujuzi huo bado upo mkoani.

Wenzetu wa Australia wana utaratibu walioutangaza mwaka 2016: hospitali kuu inasimamia utafiti, hospitali ndogo za mbali zinaandikisha na kufuatilia wagonjwa, na daktari bingwa anaonana nao kwa video. Nchini Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu wagonjwa karibu 37,000 waliokuwa kwenye majaribio ya SWOG, mtandao wa utafiti wa saratani. Takriban mmoja kati ya watano alitoka vijijini. Kwa kuwa walipata tiba ileile na ufuatiliaji uleule, muda wao wa kuishi ulilingana na wa watu wa mjini karibu katika saratani zote zilizoangaliwa. Kwangu mimi hilo linatosha kuondoa kisingizio.

Lipo pia suala la VVU. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Utafiti wa saratani hiyo unaomkataa kwa sababu ya VVU tu, hata kama anatumia dawa zake vizuri, unawaacha wanawake wanaouhitaji kuliko wote.

Ridhaa nayo inataka muda. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, na maelezo yatolewe kwa Kisambaa au Kizigua inapobidi. Mama mmoja wa umri wa bibi yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, ya dawa nimeyaelewa. Nauli anatoa nani?" Nauli itolewe. Miongozo ya maadili ya utafiti ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, ya mwaka 2016 inasema mshiriki arudishiwe gharama zake za safari na afidiwe muda wake. Hiyo si rushwa.

Ukiitwa kwenye utafiti, wewe au mzazi wako, ulizeni kabla ya dole gumba kuwekwa. Vipimo vipi vitafanyika wilayani? Nikizidiwa usiku napiga namba gani, na kituo gani karibu kina dawa yangu? Dawa ikinidhuru, bima ya utafiti inalipa nini? Na kama imenisaidia, utafiti ukiisha nitaendelea kuipata, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani? Majibu yaandikwe kwenye fomu, nakala moja muondoke nayo.