Ripoti kwanza, mfadhili baadaye: kumtafutia msaada mtoto mwenye ulemavu

Mama mmoja kutoka upande wa Nyando alikuja kwenye kituo chetu cha kutathmini watoto mjini Kisumu, Kenya, na bahasha ya kaki iliyovimba. Akamwaga barua mezani: ya mbunge, ya MCA (mwakilishi wa wadi), ya askofu, na mbili za Wazungu ambao aliambiwa husaidia watoto. Zote zilianza vilevile: "Naomba msaada kwa ajili ya mtoto wangu mlemavu." Mtoto mwenyewe, mvulana wa miaka tisa, aliketi kando akichezea zipu ya sweta.

"Daktari, nimeomba miaka minne sasa."

Mimi si daktari. Ni mwalimu, kama wengi wetu tunaofanya tathmini. Nikamuuliza mtoto ana ulemavu gani. Akanyamaza kidogo. "Akili haiko sawa. Shuleni walisema hashiki."

Nilichukua mkebe wenye vizibo vya soda, nikasimama nyuma ya mtoto, nikautikisa taratibu. Hakugeuka. Nikautikisa kwa nguvu karibu na sikio la kulia. Akashtuka, akanigeukia akicheka. Mkebe si kipimo, jamani. Mashine ilifuata, kisha hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wenyeji wanayoiita Russia. Lakini tayari ilikuwa wazi kwamba barua zote zile ziliombea shida ambayo mtoto hana.

Wazazi wengi huanzia kwa mfadhili, na hapo ndipo miaka hupotelea. Anayetoa pesa, awe serikali au kanisa, hutaka kujua ni za kifaa gani, shule gani, hali gani. "Mlemavu" halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Kwa hiyo anza na tathmini. Vituo vya EARC, yaani vituo vya kutathmini watoto kielimu kama chetu, vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na viko chini ya wizara ya elimu. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuelekeza kilipo cha karibu. Usingoje mwalimu akutume. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na daftari la mtoto la shule kama analo. Daftari hutueleza mengi kuliko mzazi anavyodhani. Ripoti itasema mtoto ana shida gani na anafaa kusomea wapi: shule ya kawaida akisaidiwa, kitengo maalum, au shule kama Joyland kwa ulemavu wa viungo, Kibos kwa wasioona, au Ngala kule Nakuru kwa viziwi. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, kishughulikie wiki hiyohiyo, maana kila dirisha utakalopiga hodi watakiuliza.

Karatasi ya pili ni usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Fomu ya tathmini ya kiafya hujazwa katika hospitali ya serikali. Baraza lina ofisi katika kaunti, na maafisa wake watakuonyesha hatua zinazofuata. Usajili huo ndio unaomfungulia mtoto mlango wa kuombewa basari, kiti cha magurudumu, vifaa vya kusikia, au mafuta ya kukinga jua kwa watoto wenye ualbino. Basari hulipwa shuleni, si mkononi mwa mzazi, kwa hiyo ambatisha barua ya shule na orodha ya karo. Kwa viti na magongo, uliza pia APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo lililoanza mwaka 1958 na lenye tawi Kisumu. Kiti kipimwe mtoto akiwa amekikalia. Kiti kikubwa kuliko mtoto humpinda mgongo na kumtia vidonda.

Hapa kuna mkanganyiko ninaousikia kila wiki. Kadi ya NCPWD haikuingizi katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Ile shilingi 2,000 kwa mwezi ni ya kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa mchana na usiku, na usajili wake hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wakati serikali inapoufungua. Mtu akikuomba "kitu kidogo" ili akuingizie jina, ondoka.

Mzigo mzito zaidi huwa ni bweni. Masomo ya msingi ni ya bure, lakini shule nyingi maalum ni za malazi na chakula kinataka pesa. Fomu za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneobunge) na za basari ya kaunti wazazi hudhani ni za sekondari pekee. Uliza ofisini kabla ya kujikatia tamaa. Nami nitasema wazi kwamba sipendi picha za watoto wakiwa nusu uchi zikisambazwa Facebook kutafutia mchango. Mtoto huyo atakua, na picha itakuwa ingali pale.

Shule ikimkataa mtoto, usigombane langoni. Omba sababu kwa maandishi. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ambatisha ripoti ya EARC, na utaje Kifungu cha 53 na cha 54 cha Katiba: elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, na mwenye ulemavu ana haki ya kufikia shule. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Jibu lisipokuja, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Kisumu, na barua yenye muhuri ndiyo watakayoanza nayo. Mtoto akiwa anafungiwa au kupigwa, piga 116, simu ni ya bure.

Wazazi kumi wanaweza kusajili kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na kikundi hupewa kiti mkutanoni pale mzazi mmoja huambiwa arudi kesho.

Yule mvulana sasa anasoma, na ana kifaa sikioni. Mama yake bado huja na ile bahasha, safari hii akiulizia betri. Kifaa kilitolewa bure, lakini betri zake huisha baada ya wiki moja au mbili, na siku ya kutia sahihi hakuna aliyeuliza nani atazinunua. Mimi pia sikuuliza.